Kitabu cha Ernest Cole kimenifanya nizionee aibu picha zangu za Arusha (uzi mrefu)

Fundi Flashi, Ngarenaro (mleta uzi)

Wakuu salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mwaka jana mwezi wa pili kuna mzungu mmoja pale Njiro alikuwa anarudi kwao, akawa anauza vitu vya ndani: makochi, jiko, baiskeli za watoto. Nilienda kutafuta stendi ya taa, nikakuta imeshachukuliwa. Nikaona bora nisirudi mikono mitupu, nikabeba boksi la vitabu kwa elfu kumi na tano, nikidhani mdogo wangu atapata vya kujinoa Kiingereza. Chini kabisa, chini ya vitabu vya mapishi, kulikuwa na kitabu kikubwa cha picha nyeusi na nyeupe. House of Bondage, cha Ernest Cole. Wanaosali watalitambua jina bila kamusi, limo kwenye Amri Kumi: nyumba ya utumwa.

Nilikifungua studio nikiwa nimesimama. Mteja wa paspoti akaja, akagonga kaunta mara tatu ndipo nikamsikia.

Kwa wasiomjua. Cole alizaliwa mwaka 1940 Eersterust, karibu na Pretoria, Afrika Kusini. Jina la ukoo lilikuwa Kole. Makaburu walikuwa wamemgawa kila binadamu kwenye fungu la rangi, kila fungu na sheria zake, na Mwafrika alitembea na kipande, yaani kitambulisho cha pasi, mfukoni saa zote, akikutwa bila hicho ni pingu. Huyu kijana akabadilisha herufi moja ya jina, akaenda kwa wale wapima rangi, akatoka ameandikishwa chotara. Herufi moja, wakuu. Kuanzia hapo akaweza kwenda mahali ambapo ndugu zake wa damu wangekamatwa, na baadaye akapata pasipoti. Alikuwa ameanza kazi kwenye jarida la Drum mwishoni mwa miaka ya 50. Kisha akaona kitabu cha picha za watu wa Moscow cha Mfaransa Henri Cartier-Bresson, akajiambia nami nitatengeneza cha watu wangu. Akapiga kwa miaka, kwa kuibia.

Mwaka 1966 akaondoka kwa kisingizio cha kwenda kuhiji Lourdes, Ufaransa. Polisi walikuwa wamemshika akiwapiga picha vijana wa mtaani, wakampa chaguo: uwe mtoa habari wetu, au ukione. Akachagua ndege. Kitabu kikatoka New York mwaka 1967.

Sasa picha zenyewe. Kuna ile ya machimboni: safu ya wanaume uchi wa mnyama, mikono juu, wamegeukia ukuta, wanapimwa afya kabla ya kuingizwa kazini. Kamera aliiingiza ndani ya mfuko wa chakula. Kuna treni ya asubuhi, watu wamejaa mpaka wengine wananing'inia nje. Kuna mtoto darasani amechuchumaa sakafuni, jasho linamtiririka, macho kwa mwalimu. Huyo mtoto nilimwangalia muda mrefu kuliko wote. Hakuna pozi, hakuna machozi. Anahangaika kuelewa somo, basi.

Lakini kilichonitoa jasho mimi hakikuwa picha moja moja. Ni mpangilio. Kitabu kimegawanywa kwa sura: machimbo, polisi na vipande, safari za treni, watumishi wa ndani, shule, hospitali, vilabu vya pombe, dini. Ukifika katikati unagundua mpiga picha hakuitembelea hii nchi. Anaishi humo. Hiyo treni anaipanda. Hiyo shule ni aina ileile aliyoikimbia ilipoletwa elimu ya kumwandaa Mwafrika awe mtumishi, akamalizia masomo kwa posta. Eersterust yenyewe ilivunjwa na watu wakahamishwa. Anapiga picha mlango ambao kesho yake naye atapita.

Nikafunga kitabu, nikafungua kompyuta yangu. Nina miaka kumi na moja kwenye hii kazi. Harusi, send-off, kipaimara, paspoti, na kazi za kampuni za utalii ambazo ndizo zinazolipa kodi ya fremu. Nikaanza kutafuta Arusha humo ndani. Nimekuta Mlima Meru wa asubuhi, wa jioni, wenye wingu, usio na wingu. Nimekuta twiga. Nimekuta Wamasai wanaruka.

Niseme moja, mnicheke mkitaka. Mwaka 2019 kampuni moja ilinipeleka maeneo ya Monduli kupiga picha za brosha. Kulikuwa na mzee mmoja, uso kama umechongwa, nikampanga vizuri jua likiwa pembeni. Mwenye kazi akaniita kando, akasema saa ya mkononi inaharibu. Nikamwendea yule mzee nikamwambia, mzee shikamoo, samahani, tunaomba uvue saa. Akaniangalia. Akaivua, akaitia ndani ya lubega. Akaniuliza, "Kwani wao hawajui kwamba sisi tunajua saa?" Nikacheka, nikapiga. Ile picha imeuzika sana.

Cole aliwapiga watu wake wakiwa na kila kilichokuwa mkononi mwao. Mimi niliwavua saa. Nimezaliwa Mount Meru hospitali, nimesoma Arusha, nimelelewa Ngarenaro, halafu nikiinua kamera naiona Arusha kama mtu aliyeshuka uwanja wa ndege wa KIA jana usiku.

Hoja yangu ni hiyo. Kitabu cha zaidi ya nusu karne kimenionyesha kwamba jicho langu ni la kukodi. Je, ni mimi peke yangu? Nyie wapiga picha wa Arusha na Moshi mnaona vipi? Na nyie mnaopigwa?

Chalii wa Unga LTD

Siti ya mbele. Nimeleta na karanga.

Mwalimu wa Zamu, Sakina

Mleta uzi, shukrani. Niongezee kidogo kwa faida ya vijana.

Huo mwaka 1967 tuuangalie vizuri. Tarehe 5 Februari ndipo Azimio la Arusha lilipotangazwa, baada ya TANU kukaa kikao hapahapa mjini. Ukumbi uko Kaloleni, leo ni makumbusho, na wengi wenu mnapita pale kila siku bila kuingia. Mwaka huohuo ndipo tanzanite ilipogunduliwa Mererani. Na mwaka huohuo kijana wa Pretoria anachapisha New York kitabu kinachoonyesha machimbo yanamfanya nini Mwafrika. Wanafunzi wangu huwa nawauliza: kati ya mambo hayo matatu, lipi lilipigwa picha nyingi zaidi na lipi chache? Jibu linatupa mjadala wa vipindi viwili.

Halafu angalieni majina ya mitaa yetu. Arusha tuna viwanja vya Soweto, Kaloleni. Moshi wana mtaa wa Soweto. Soweto ni kitongoji cha weusi cha Johannesburg, Afrika Kusini; wazee wetu hawakuota hilo jina. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikaa Dar es Salaam tangu 1963, na baada ya watoto wa Soweto kuuawa 1976, wengi walikimbilia huku, ndipo ikajengwa shule ya ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, pale Mazimbu, Morogoro. Afrika Kusini tuliijua kwa redio na kwa picha, na baadhi ya picha zilizokuwa zikizunguka kwenye machapisho ya wapigania uhuru zilikuwa za huyuhuyu Cole. Kwao kitabu kilipigwa marufuku. Aliyeandika utangulizi, mwandishi wa New York Times Joseph Lelyveld, naye alikuwa ameshafukuzwa nchini humo.

Kinyonga

Mleta mada, kalamu unayo, hilo sikunyimi. Ila kuna swali umelikwepa.

Kitabu kimechapwa Marekani, kwa Kiingereza. Kwao hakikuruhusiwa kuingia. Kwa hiyo msomaji alikuwa nani? Mzungu wa New York aliyekaa sebuleni kwake. Wale wanaume waliosimama uchi, nani aliwauliza? Nani alirudi kuwaonyesha? Unamsema mtalii kwamba anapiga na kuondoka. Cole si naye alipiga akaondoka?

Na la pili. Umeona aibu kwa sababu ya saa. Mzee alilipwa au hakulipwa? Kama alilipwa, ile ni kazi, kama wewe ulivyokuwa kazini. Msituletee majonzi.

Chalii wa Unga LTD

Kinyonga umeingia na miguu miwili 😂

Mimi nauliza la pesa. Nimegugo huyo mwamba. Aliishia kulala mitaani New York, akafa 1990 hana nyuma wala mbele, umri chini ya hamsini. Sasa mleta uzi unataka tuache send-off twende wapi? Mwenye nyumba wangu haelewi habari za jicho la kukodi. Yeye anaelewa kodi.

Fundi Flashi (mleta uzi)

Chalii, send-off hatuachi. Jumamosi hii ninayo, Kijenge, na nimeshakula advansi.

Kinyonga, nimekaa na swali lako tangu jana. Kuhusu kuwauliza: aombe ruhusa mbele ya nani? Mlinzi wa machimbo yuko palepale. Angefungua mdomo, kamera ingepasuliwa na wale jamaa wangeadhibiwa pamoja naye. Tazama tena ile picha, wamegeukia ukuta, amepiga migongo. Sijui kama alikusudia, ila kinachoonekana wazi ni udhalilishaji wenyewe na sura za watu zimesitirika.

Kuhusu kuondoka: mtalii ana tiketi ya kurudi kwao. Cole kuondoka kwake ndiko kulimfungia mlango. Hakurudi tena hai. Pasipoti ilipokwisha hakuongezewa, akabaki hana nchi. Kwa hiyo hapana, siwezi kuwaweka kwenye mizani moja.

Kuhusu msomaji umenishika. Hapo sina jibu safi. Mzee wa Monduli alilipwa elfu ishirini. Mimi nililipwa laki nne na nusu.

Mjukuu wa Wenela, Moshi mjini

Nimesoma kimya, sasa nimeshindwa.

Kwetu ni Tukuyu, ila baba alihamia Moshi kikazi, mimi nimekulia Pasua. Babu mzaa baba alienda Wenela miaka ya 50. Vijana: Wenela ni ule mtandao wa makampuni ya migodi ya dhahabu ya Johannesburg, ulikuwa unakusanya nguvukazi hadi huku Tanganyika, hasa kwetu Nyanda za Juu Kusini. Baada ya uhuru serikali ya Nyerere ikakata huo mrija.

Babu alirudi na sanduku la bati, gramafoni, na kikohozi. Gramafoni tulikuwa tunaruhusiwa kuigusa. Habari za mgodini hazikuguswa. Ukimuuliza anasema "kazi ilikuwa kazi". Kuna kitu kimoja tu bibi alikuwa anatusimulia akiwa amekasirika naye, kwamba babu yenu hawezi kuvaa nguo mbele ya mtu yeyote, hata mimi, tangu aliporudi kule. Tulikuwa tunacheka. Tulidhani ni vituko vya wazee.

Jana nimeitafuta hiyo picha ya safu. Sikucheka.

Babu alirudi kabla Cole hajaingia mgodini, kwa hiyo yeye hayumo. Lakini Kinyonga, umeuliza kitabu kilimfikia nani. Kimenifikia mimi, Pasua, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na kimenijibu kitu ambacho babu alikwenda nacho kaburini. Sijui kama hilo linahesabika.

Kinyonga

Linahesabika ndugu yangu. Pole.

Mama Saluni, Majengo Moshi

Jamani habari zenu. Mimi picha sijui kupiga, nasuka. Ila mteja wangu mmoja alikuwa anausoma huu uzi kwa sauti nikiwa namsuka, ikabidi nijiunge.

Mleta uzi umetaja watumishi wa ndani ukapita mbio. Mimi nimekaa hapohapo. Nimeitafuta, kuna picha ya dada mweusi na mtoto wa kizungu. Maelezo yake yanasema huyo dada anampenda huyo mtoto, ila anajua atakua na atamtendea vilevile kama mama yake anavyomtendea. Nimemwomba binti yangu anitafsirie mara mbili nihakikishe.

Nikiwa na miaka 16 nilitolewa Rombo kwenda kuwa dada wa kazi Arusha. Familia si wabaya, nisiseme uongo, nilikula walichokula. Sikukuu moja wakaenda studio kupiga picha ya familia. Mtoto mdogo alikuwa halali wala hanyamazi ila kwangu. Mpiga picha akasema dada amshike mtoto mpaka nihesabu tatu, nikisema mbili dada atoke. Ikawa hivyo. Kwenye ile picha, ilikuwa imetundikwa sebuleni, mkono wangu umebaki. Umeshika mgongo wa mtoto. Mkono tu, na kipande cha kanga. Nilikuwa naifuta vumbi kila siku.

Kwa hiyo wewe kaka wa Ngarenaro, hayo ya saa nakuelewa. Ila nina ombi. Mkianza hizo picha zenu za ukweli, msitupige tukilia tu. Mimi leo nina saluni, nina viti vinne, nina vicoba. Nikivaa sare ya kitchen party hunitambui.

Mwalimu wa Zamu, Sakina

Mama Saluni, umegusa jambo ambalo hata Cole mwenyewe lilimsumbua.

Alipofika Marekani akapewa fedha na Ford Foundation, taasisi ya ufadhili ya hukohuko, apige maisha ya weusi wa kule. Kila mtu akamtarajia alete mateso mengine. Aliwahi kuandika kwamba kuufichua ukweli ni jambo moja, ila kuishi maisha yako yote ukiwa karani wa dhuluma na unyonge ni jambo jingine. Na kuna sura nzima aliyoipanga kuhusu wanamuziki, wacheza dansi, mabondia, watu wakiwa kwenye ubunifu wao, ambayo haikuingia kwenye kitabu cha 1967. Imewekwa kwenye toleo jipya la wachapishaji Aperture la mwaka 2022. Mleta uzi, kama chako ni hicho, itazame.

Hata namna hiyo sura ilivyopatikana ni hadithi. Negativi zake, yaani zile filamu za kamera zinazosafishiwa picha, zilidhaniwa zimepotea. Mwaka 2017 familia ikaitwa benki mjini Stockholm, Sweden, wakakuta negativi zipatazo 60,000 zimehifadhiwa humo. Elfu sitini! Mtengeneza filamu wa Haiti, Raoul Peck, ametengeneza filamu kuhusu mkasa huo, ikapata tuzo ya filamu za ukweli Cannes mwaka 2024.

Mnaouliza kama kitabu kiliacha uzao, someni habari za Afrapix, ushirika wa wapiga picha ulioanzishwa Afrika Kusini 1982, wapiga picha walioamua kuwa sehemu ya mapambano. Mmoja wao, Santu Mofokeng, mwaka 1986 alipanda treni zilezile za wafanyakazi, ila yeye akapiga ibada: watu wanaimba, wanapiga makofi kwenye kuta za behewa, wanaombeana wakienda kazini. Weka picha za treni za Cole pembeni ya hizo, utaona ugomvi mzuri kati ya vijana wawili ambao hawakuwahi kukaa meza moja.

Fundi Flashi (mleta uzi)

Mwalimu, toleo langu ni hilo la 2022 na nilikuwa nairuka hiyo sura. Nilidhani ni nyongeza tu ya wachapishaji. Nimeirudia usiku. Kuna watu wanacheza humo.

Mama Saluni, huo mkono. Mimi ni mtu wa studio, nimeshasema "dada toka" mara ngapi? Siwezi kuhesabu.

Mgumu Mstaafu, Machame

Naomba nafasi wakubwa.

Mimi nimebeba mlima miaka kumi na nne. Kwa wasiojua, sisi wapagazi wa Kilimanjaro tunaitwa wagumu. Mahema, mitungi ya gesi, viti, mayai, choo cha mgeni, vyote vinapanda kwa shingo zetu. Getini mzigo unapimwa, usizidi kilo 20, nguo zako mbali.

Nimepigwa picha mara nyingi kuliko bibi harusi. Ukiwa umeinama mgeni anapiga, ukivuka ule ukuta wa mawe wa Barranco mgeni anapiga. Wengine wanasema "jambo, picha?" na wengine hawasemi. Miaka kumi na nne. Ninazo ngapi? Sina hata moja. Mwanangu aliniuliza baba ulikuwa mgumu kweli? Nikamwonyesha goti.

Mara moja nilijiona. Nilikuwa ofisi moja Moshi kufuatilia malipo, kwenye kalenda ukutani ni mimi, mwezi wa Agosti. Nimebeba kikapu kichwani, nyuma barafu. Chini wameandika kitu kuhusu roho ya Afrika. Nikamwambia yule dada wa mapokezi huyo ni mimi. Akaitazama kalenda, akanitazama, akasema mnafanana.

Sasa huyo Cole wenu sijamsoma, lakini kama aliandika chini ya picha watu wanafanya nini na kwa nini, na wanalipwa ngapi, basi huyo ni mwenzetu. Mpiga picha mwenye haraka simtaki. Kitu cha maana cha mgumu kinaanza saa kumi na moja alfajiri getini, watu mia wanasimama nje ya uzio kuombea jina lao liitwe, na thelathini ndio wataitwa. Hiyo mgeni haioni, basi lake linafika saa nne.

Chalii wa Unga LTD

"Akasema mnafanana." Mzee shikamoo. Nimeacha karanga.

Mgumu Mstaafu, Machame

Marahaba mwanangu.

Kinyonga

Mleta uzi, mimi ni mbishi ila si jiwe. Hapo ndipo pa kuanzia. Geti la Machame saa kumi na moja. Ila sharti langu liko palepale: ukipiga, urudishe. Usije ukatuwekea humu halafu ukaenda kufanya maonyesho kwa mabalozi wanakunywa mvinyo.

Fundi Flashi (mleta uzi): MREJESHO

Wakuu, miezi mitatu imepita, samahani kwa kupotea. Nilisema sitaandika mpaka niwe na kitu mkononi.

Nimeenda Machame mara tisa. Mara tatu za kwanza sikutoa kamera kabisa. Ya kwanza nilifukuzwa, walidhani natoka kampuni fulani kuchunguza nani anadai nini. Ya pili nikanywa chai na mgumu mstaafu wetu wa humu, akanizungusha. Ya nne ndipo nikapiga. Niseme ukweli, nilipiga vibaya. Nimezoea jua la saa kumi na mbili jioni na mtu anayenisikiliza. Saa kumi na moja alfajiri pale kuna ukungu, baridi, na taa moja ya mlinzi. Picha zikatoka chembechembe tupu, nyingine zimecheza. Nilitaka kufuta. Kisha nikakumbuka treni za Cole, naye hakuwa na taa ya studio mule.

Nimefanya kama alivyofanya yeye, mpangilio kwanza. Uzio. Orodha ikisomwa. Nyuso za walioitwa, kisha nyuso za ambao hawakuitwa wakirudi kusubiri daladala, na hizi ndizo nzito zaidi. Mizani. Shingo. Siku ya sita Mweka, wanaposhuka, viatu. Halafu, Mama Saluni, nimekusikia: kuna sita za Jumapili, kibanda cha mbege, mmoja anapiga filimbi na mwingine amevaa suti ya harusi ya kaka yake. Saa ya mkononi anayo, kubwa, ya dhahabu ya Kariakoo. Nimeipiga kwa makusudi.

Maelezo wameyasema wenyewe, mimi nimeandika tu. Kila mmoja amechagua kama jina litajwe au lisitajwe, kwa hiyo humu sitaji. Nimesafisha nakala 40 kwa saizi ya kuwekwa kwenye fremu, pesa imetoka kwenye ile send-off ya Kijenge na nyingine mbili. Kinyonga, nakala zinarudi kwanza. Wamesema wenyewe wanataka zibandikwe kwenye kibanda cha mbege kabla ya mahali pengine popote, na mwenye kibanda amekubali ila anataka na yeye apigwe.

Na nilienda Monduli kumtafuta yule mzee wa saa. Nimeambiwa amehamia kwa binti yake upande wa Longido. Bado namfuatilia.

Tatizo limebaki moja. Kati ya watu niliowapiga kuna wanne sijawapata tena, wengine walikuwa wageni wa siku moja pale getini. Nimeambatanisha picha namba 4, wale wanne wamesimama karibu na mizani, na siku ile ya kuwapiga wote waliniruhusu niiweke humu. Mwenye kuwajua aniambie bila kuandika majina.

Mama Saluni, Majengo Moshi

Huyo wa suti apunguze suruali kidogo tu. Mengine yote sawa. Ukija Moshi pitia saluni, tuko wanne, siku ya Jumamosi tumejaa. Utupige tukiwa kazini.

Mjukuu wa Wenela, Moshi mjini

Mleta uzi nakuja hapo kibandani siku ya kubandika. Nitakuja na picha ya babu, ni moja tu tunayo, amekaa na gramafoni. Naomba uisafishe upya, imeliwa na mchwa pembeni.

Fundi Flashi (mleta uzi)

Njoo nayo. Usiikunje, iweke katikati ya daftari gumu. Bure.

Chalii wa Unga LTD

Picha namba 4 nimeipenda ile taa. Kaka hata kama imecheza, imecheza vizuri.

Mgumu Mstaafu, Machame

Wawili wa kulia siwajui, nitauliza Umbwe. Mwenye kofia nyekundu ni wa Kibosho, anakaa karibu na kanisa, utamkuta. Huyo wa mwisho kushoto, anayetazama chini, ni shemeji yangu. Yuko juu sasa hivi, wanashukia Mweka Alhamisi. Njoo na yake, na uje nazo mbili, mama yake atataka moja.